Uonevu wa utotoni na athari zake kwa mashoga na wasagaji ukubwani

MTOTO umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wahenga. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwakumbusha wazazi wajibu wao wa kuwafunza watoto adabu na bidii. Hata hivyo, inabeba pia onyo ambalo wataalamu wa saikolojia wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 50: mtoto anayekulia katika matusi, vipigo na kutengwa hubeba athari za mambo hayo hadi utu uzima.

Miongoni mwa watu waliochunguzwa sana kuhusiana na suala hili ni mashoga na wasagaji, yaani wanaume na wanawake wanaovutiwa kimapenzi na watu wa jinsia yao. Tafiti nyingi zilizofanywa Marekani, Uingereza na kwingineko zimebainisha kwamba watu hawa hupatwa na sonona, wasiwasi na fikra za kujitoa uhai kwa kiwango kinachozidi kile cha watu wengine. Swali lililowashughulisha watafiti ni hili: je, chanzo cha dhiki hiyo ni maumbile yao, au ni yale waliyotendewa tangu utotoni?

Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu walivyolijibu swali hilo, na funzo analoweza kulipata mzazi au mwalimu kutokana na jibu lenyewe.

Uonevu ni nini?

Aliyeweka msingi wa taaluma hii ni Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi nchini Norway kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka wa 2020. Alianza kuchunguza uonevu shuleni mapema katika miaka ya sabini, wakati ambapo walimu na wazazi wengi waliuchukulia kuwa utundu wa kawaida wa watoto.

Mwishoni mwa 1982, wavulana watatu nchini Norway walijiua, na ikaaminika kwamba mateso waliyoyapata mikononi mwa wenzao yalichangia vifo hivyo. Taifa zima lilishtuka. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha kampeni ya kitaifa dhidi ya uonevu shuleni, na Olweus akabuni mpango ambao baadaye uliigwa katika mataifa mengi.

Kwa mujibu wa Olweus, uonevu una alama tatu. Kwanza, anayeutenda hukusudia kumwumiza mwenzake. Pili, kitendo hurudiwa mara kwa mara. Tatu, nguvu za pande mbili hazilingani, kiasi kwamba anayeonewa hawezi kujitetea. Kwa hivyo, wavulana wawili wenye nguvu sawa wakipigana mara moja uwanjani, huo ni ugomvi tu. Mvulana mmoja akizingirwa na watano kila jioni njiani kuelekea bwenini, huo ni uonevu.

Isitoshe, uonevu si wa makonde pekee. Kuna wa maneno, kama vile matusi, kejeli na majina ya kubandikwa. Kuna pia wa kutengwa, ambapo mtoto hakaribishwi mezani, hachaguliwi mchezoni wala hasemeshwi darasani. Kwa jumla, wavulana hupigwa zaidi ilhali wasichana hutengwa na kusengenywa zaidi, ingawa mpaka huo hauko wazi kila mara.

Neno linapogeuzwa silaha

Watoto huonewa kwa sababu nyingi: unene, umaskini, ulemavu, lafudhi, hata wembamba wa miguu. Uonevu unaowalenga mashoga na wasagaji hata hivyo una sifa kadhaa zinazouongezea makali.

Sifa ya kwanza ni kwamba mara nyingi huanza kabla ya mtoto kujijua. Mvulana mwenye sauti nyembamba, anayeukwepa mpira na kupenda kukaa na wasichana, hubandikwa jina hata kabla hajabaleghe. Msichana anayependa kupanda miti na kuchukia rinda hupatwa na yayo hayo. Wenzao hawajui lolote kuhusu mapenzi yao. Wanachokiona ni mtoto asiyefuata matarajio ya jinsia yake. Ndiyo maana uonevu huu huwakumba pia watoto wengi ambao wakikua huoa na kuolewa kama watu wengine.

Katika Kiswahili, neno "shoga" lina historia ya kushangaza. Katika mwambao wetu, wanawake wameitana mashoga kwa vizazi vingi kwa maana ya marafiki wa dhati. Neno hilo hilo likitamkwa kwa mvulana uwanjani huwa kama jiwe lililotupwa. Si lazima anayelitupa ajue maana yake. Anajua tu kwamba linaumiza.

Sifa ya pili ni upweke. Mtoto anayetukanwa kwa sababu ya kabila au dini yake hurejea nyumbani kwa wazazi wa kabila hilo na dini hiyo. Atapata wa kumwambia, "Hata sisi tulipitia hayo, mwanangu." Mtoto anayeitwa shoga au msagaji aghalabu hana kimbilio kama hilo. Kumwelezea baba kisa cha kupigwa ni kulitaja lile neno alilopigiwa, na huenda likawasha moto mwingine nyumbani. Hivyo huchagua kunyamaza.

Sifa ya tatu ni kwamba wakati mwingine watu wazima huungana na waonevu. Mwalimu anayecheka mwanafunzi anapoigwa jinsi anavyotembea huwa ametoa idhini bila kutamka neno.

Si maradhi

Kwa muda mrefu, madaktari walidai kwamba mashoga na wasagaji huwa na dhiki kwa sababu wao ni wagonjwa. Dai hilo lilianza kuporomoka mwaka wa 1957. Mwanasaikolojia wa Marekani, Evelyn Hooker, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanaume 60: 30 mashoga na 30 wasio mashoga. Aliwapa vipimo vya kisaikolojia vilivyotumika zama hizo, kisha akawaonyesha wataalamu majibu yao bila kuwaambia ni ya nani. Wataalamu hao hawakuweza kuyatenganisha makundi hayo mawili.

Mnamo Desemba 1973, chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliondoa ushoga katika orodha yake ya maradhi. Shirika la Afya Duniani lilifanya vivyo hivyo Mei 17, 1990.

Lakini ikiwa si maradhi, mbona dhiki imezidi? Jibu linalonukuliwa zaidi lilitolewa mwaka wa 2003 na Ilan Meyer, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alieleza kwamba mtu wa kundi dogo linalodharauliwa hubeba mzigo wa ziada juu ya misukosuko ya kawaida ya maisha.

Mzigo huo una tabaka kadhaa. La nje kabisa ni matendo yenyewe: matusi, vipigo, kufukuzwa. La pili ni kuishi ukiyatarajia matendo hayo hata siku ambazo hayatokei. La tatu ni kujificha, kupima kila neno na kila hatua usije ukagundulika. La ndani kabisa, na lenye sumu kuliko yote, ni mtu kuanza kuyaamini yale anayoambiwa na kujidharau mwenyewe.

Ukiyatazama matabaka hayo kwa makini, utaona kwamba shule ya uonevu huyafundisha yote. Mtoto anayevamiwa kila siku chooni hujifunza kutarajia hatari, kujificha na hatimaye kujichukia.

Tafiti zilivyobaini

Ian Rivers, mwanasaikolojia wa Uingereza, ni miongoni mwa watafiti wa mwanzo waliofuatilia suala hili hadi ukubwani. Katika utafiti aliouchapisha mwaka wa 2004, aliwachunguza watu wazima 119 waliokuwa mashoga, wasagaji au wanaovutiwa na jinsia zote mbili, ambao walionewa shuleni.

Miaka mingi baada ya kuhitimu, kiasi cha asilimia 17 kati yao walikuwa na dalili za kiwewe, hali ambayo hujulikana sana kwa wanajeshi waliotoka vitani. Kumbukumbu za shuleni ziliwajia bila kuitwa. Vilevile, walikuwa na sonona zaidi wakilinganishwa na wenzao.

Hata hivyo, Rivers aliona jambo jingine ambalo halifai kusahauliwa. Wengi wa watu hao waliikubali hali yao na kuwa na mtazamo mwema kuihusu. Kwa maneno mengine, uonevu huumiza, lakini hauamui peke yake hatima ya mtu.

Utafiti mwingine ulifanywa nchini Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2010 na Russell Toomey na wenzake. Waliwachunguza vijana 245 wa umri wa kati ya miaka 21 na 25. Walitaka kujua iwapo wale ambao utotoni hawakufuata matarajio ya jinsia yao walikuwa na huzuni zaidi walipokua. Walipata kwamba walikuwa nayo. Lakini walipoingiza katika hesabu kiasi cha uonevu ambao kila mmoja aliupitia shuleni, uhusiano huo ulitoweka. Kilichounganisha utoto wa namna hiyo na huzuni ya ukubwani kilikuwa uonevu wa shuleni. Mwendo wa mtoto au sauti yake havikuwa na neno.

Pengine msomaji atajiuliza iwapo watoto wengine wanaoonewa husahau wanapokua. Jibu linapatikana Uingereza, ambako watoto waliozaliwa katika wiki moja ya mwaka wa 1958 wamefuatiliwa maishani mwao mwote. Mnamo 2014, watafiti wa King's College London walichapisha habari za watu 7,771 miongoni mwao, ambao wazazi walikuwa wameulizwa walipokuwa na umri wa miaka 7 na 11 iwapo walikuwa wakionewa. Walioonewa mara kwa mara walikuwa bado na sonona na wasiwasi zaidi walipofikia umri wa miaka 50. Miaka 40 ilikuwa imepita.

Ukimya wa watu wazima

Kisa kinachoonyesha dhahiri wajibu wa walimu ni cha Jamie Nabozny wa mji mdogo wa Ashland, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya themanini, akiwa bado darasa la saba, wenzake walianza kumtesa kwa kuwa alikuwa shoga. Walimtemea mate, wakamkojolea, na wakati mmoja walimwangusha darasani na kuigiza kana kwamba wanambaka huku wengine wakitazama na kucheka.

Nabozny na wazazi wake walipiga ripoti tena na tena. Kulingana na maelezo yaliyowasilishwa mahakamani, mwalimu mkuu alijibu kwamba kama mvulana huyo ataendelea kujionyesha kuwa shoga, basi ayatarajie mambo hayo. Alipokuwa katika shule ya upili alipigwa mateke tumboni hadi akavuja damu kwa ndani na kuhitaji upasuaji. Alijaribu kujiua. Hatimaye aliihama shule hiyo.

Nabozny aliwashtaki wasimamizi wa shule. Alishindwa katika mahakama ya kwanza, lakini Julai 1996 mahakama ya rufaa jijini Chicago iliamua kwamba wasimamizi wanaomlinda mwanafunzi mmoja na kumwacha mwingine kwa sababu ya ushoga wake wanaweza kuwajibishwa kisheria. Novemba mwaka huo walipatikana na hatia ya kutomlinda, na akalipwa fidia ya zaidi ya dola 900,000. Kesi hiyo iliwatia hofu wasimamizi wa shule kote Marekani, nao wengi wakaanza kutunga kanuni za kuwalinda wanafunzi.

Uingereza nako, ukimya uliwekewa sheria. Mwaka wa 1988, bunge lilipitisha kifungu cha 28 cha Sheria ya Serikali za Mitaa, kilichopiga marufuku mabaraza ya miji kile kilichoitwa kueneza ushoga. Kifungu hicho hakikumkataza mwalimu kumtetea mtoto anayepigwa. Lakini walimu wengi waliogopa hata kulitaja suala lenyewe, wakaona ni heri kugeuza uso. Kifungu kiliondolewa Scotland mwaka wa 2000, na Uingereza na Wales mwaka wa 2003.

Takwimu za shirika la Stonewall zinaonyesha mabadiliko yaliyofuata. Katika uchunguzi wake wa 2007, asilimia 65 ya wanafunzi mashoga na wasagaji walisema wameonewa shuleni kwa sababu hiyo. Kufikia 2012 ilikuwa asilimia 55, na kufikia 2017 asilimia 45. Chunguzi hizo hazikulingana kwa kila hali, lakini mwelekeo wake ni mmoja. Idadi hiyo bado ni kubwa mno, ila inathibitisha kwamba uonevu hupungua watu wazima wanapokataa kuunyamazia.

Nafasi ya nyumbani

Si shule pekee inayojenga au kubomoa. Mwaka wa 2009, mtafiti Caitlin Ryan na wenzake wa Chuo Kikuu cha San Francisco State walichapisha utafiti kuhusu vijana 224 mashoga, wasagaji na wanaovutiwa na jinsia zote. Wale ambao familia zao ziliwakataa kabisa walipokuwa wabalehe walikuwa na uwezekano wa mara 8.4 zaidi wa kusema kuwa wamewahi kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao familia zao hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu.

Ryan alibaini kuwa wazazi wengi waliowakataa wana wao hawakufanya hivyo kwa chuki. Walidhani kwamba ukali utamwokoa mtoto. Matokeo yake yakawa kinyume.

Mazingira mapana nayo yana mchango wake. Mwaka wa 2011, Mark Hatzenbuehler wa Chuo Kikuu cha Columbia alichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi karibu 32,000 katika jimbo la Oregon. Katika sehemu zisizowajali, zikiwemo zile ambazo shule zake chache ndizo zilikuwa na kanuni za kuwalinda wanafunzi hawa, hatari ya vijana mashoga na wasagaji kujaribu kujiua ilikuwa juu kwa asilimia 20 ikilinganishwa na sehemu zenye kuwajali.

Hali hapa kwetu

Nchini Kenya, uonevu shuleni si jambo geni. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza katika shule za mabweni, wale walioitwa mamono, waliteswa na wakubwa wao kwa vizazi vingi, na yeyote aliyepitia huko ana la kusimulia.

Sheria kuhusu mapenzi ya jinsia moja inajulikana. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinaharamisha vitendo hivyo, na Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha Mei 24, 2019. Mjadala kuhusu vifungu hivyo ni mkali, na kila upande una hoja zake.

Hata hivyo, hakuna sheria yoyote inayomruhusu mwanafunzi, mwalimu au mzazi kumtesa mtoto kwa sababu ya namna anavyotembea, anavyozungumza au anavyodhaniwa kuwa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na ukatili wa kila aina. Nacho kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kisaikolojia. Sheria hizo hazisemi, "isipokuwa yule anayeitwa shoga."

Dalili na msaada

Mtoto anayeonewa mara nyingi hasemi, lakini mwili wake husema. Huumwa na tumbo au kichwa Jumapili jioni, muhula unapokaribia kufunguliwa, au kila asubuhi ya shule. Alama zake hushuka bila sababu. Vitabu na nguo zake hupotea au huraruka. Hujitenga, hukosa usingizi, na huacha michezo aliyoipenda.

Mzazi anayeona dalili hizo anashauriwa asikilize kwanza. Swali la "Umefanya nini hata wakakuita hivyo?" humwambia mtoto kwamba kosa ni lake, na huenda asiseme tena. Lililo muhimu ni kumhakikishia kwamba nyumbani yuko salama, kisha kulipeleka suala shuleni na kulifuatilia.

Mwalimu naye hana haja ya kuchunguza iwapo mtoto ni shoga au siye. Kazi yake ni kukomesha tusi papo hapo, kwa uwazi, kama ambavyo angekomesha tusi la kikabila. Uonevu hustawi mbele ya watazamaji, na watazamaji humtazama mwalimu wajue la kufanya. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116, inayopokea malalamiko ya watoto nchini usiku na mchana.

Kwa mtu mzima ambaye bado anaandamwa na yaliyompata shuleni, hatua ya kwanza ni kuyatambua kwa jina lake. Wengi hujilaumu kwa hasira za ghafla, kutowaamini watu, au pombe wanayoinywa peke yao, bila kuyahusisha na miaka ile. Mshauri nasaha au daktari wa akili anayetunza siri anaweza kumsaidia kuyafumbua mafundo hayo. Sonona na kiwewe vina tiba, hata baada ya miaka mingi. Rafiki mmoja wa kuaminika ni msaada mkubwa pia, kwani kilichomwumiza zaidi mtoto yule ni kukosa wa kumwambia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa zaidi ya nusu karne, watafiti wamelitafuta tatizo ndani ya mtoto na kulikuta uwanjani, bwenini, katika ofisi ya mwalimu mkuu na wakati mwingine mezani nyumbani. Huko kote kuna mtu mzima mwenye uwezo wa kusema basi. Tusi linalokomeshwa leo darasani huenda ndilo ambalo mtu hatalazimika kulikumbuka akiwa na umri wa miaka 50.